Kipila Ambaye Hakupita

Siku tatu kabla ya matembezi ya ndege, Sikio hakutulia. Akikaa kitini, goti lilitikisika mpaka vikombe vikalia mezani. Akisimama, alikwenda dirishani, na akifika dirishani hakukumbuka alichofuata. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia na cherehani yake ilikaa pale pale sebuleni. Alimtazama akipita mbele yake mara ya nane, akauondoa mguu kwenye pedali.

"Baba watoto, unanitimulia vumbi juu ya kitambaa cheupe cha watu. Kama una safari, nenda. Kama huna, kaa."

Safari hakuwa nayo. Alikuwa na siri, na siri ya namna ile haimwachi mtu akakaa kitako.

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, idara ya maji, alikofanya kazi miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mabomba. Alfajiri, kabla magari hayajaamka, alipita mitaani na fimbo ya chuma iliyomfika kifuani, yenye ncha upande mmoja na kikombe cha mbao upande wa pili. Aliisimamisha ile ncha juu ya vali, akalaza sikio kwenye kikombe, akafumba macho. Bomba zima lina mnong'ono wake. Bomba linalovuja chini ya ardhi hutoa mzomeo mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa jino bovu. Sikio angesogea hatua mbili, akasikiliza, akarudi moja, akasikiliza tena, kisha akainama na kuchora alama ya chaki barabarani.

"Hapa," angesema.

Na hapo ndipo Chepe alipoanza kazi. Chepe alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana kama kabati, mama wa watoto wanne, na mchimbaji pekee wa kike katika idara nzima. Hakuchimba mpaka Sikio aseme, na Sikio akisema, hakuchimba mara mbili. Katika miaka ishirini ya kufanya kazi pamoja, mashimo makavu waliyochimba yangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na gumba likabaki.

Ndege walimjia Sikio kupitia kazi hiyo hiyo. Mji wao uko ufukweni, na kila vuli, kaskazini kunapoanza kuwa baridi, ndege wahamao hushuka kwa maelfu wakifuata pwani. Wengi hupita alfajiri juu ya mapaa. Sikio alipoinua kichwa kutoka kwenye fimbo, masikio yake yakiwa bado wazi kama milango ya sokoni, aliwasikia. Mwanzoni hakujua majina yao. Aliwajua kwa sauti tu, kama mtu anavyowajua majirani wa upande wa pili wa ukuta. Asubuhi moja alisema peke yake, "Haya, yule wa filimbi amerudi," na sauti ikamjibu kutoka juu: "Yupi huyo?"

Alikuwa Mfamasia, mwanamke mwembamba aliyeishi ghorofani juu ya duka lake la dawa, ameegemea ukingo wa baraza na kikombe mkononi. Yeye alikuwa na vitabu vya ndege na darubini, ila masikio yake, kama alivyosema mwenyewe, yalifaa kutundikia miwani tu. Basi Sikio akampa sauti, naye akampa majina. Wa filimbi alikuwa kipila, ndege mwenye mdomo uliopinda kama mundu, ambaye akipita hupiga miluzi saba ya haraka, sawasawa na refa aliyekasirika.

Hivyo ndivyo matembezi yalivyozaliwa. Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya msimu, watu sita au saba walikutana kwenye ngazi za posta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakatembea ufukweni hadi kwenye matope ya mdomo wa mto. Mfamasia aliandika kila ndege katika daftari la kijani. Na njiani, nyuma ya kiwanda cha barafu ambako ukuta huzuia upepo, kulikuwa na jambo ambalo watu walilisimulia hata nje ya mji: dakika ya Sikio. Wote walisimama, wakafumba macho, wakanyamaza, naye akataja kila kilichopita angani kwa kusikia tu.

Mwaka huu Sikio alikuwa anaiogopa dakika hiyo kama mtu anayeogopa koleo la daktari wa meno.

Mambo yalianza na birika. Wakati wa mvua zilizopita alikuwa ameketi jikoni akisoma gazeti, mkewe akaingia mbio na kuzima jiko. "Wewe! Birika linalia mpaka majirani wanasikia, na umekaa nalo uso kwa uso!" Alisema alikuwa amezama kwenye habari. Halafu mlio wa simu. Halafu mjukuu wake, aliyempigia kumsimulia jambo refu, na Sikio akajibu "ndiyo, ndiyo" mpaka mtoto akauliza, "Babu, kwani nimesema nini?" Sauti nene alizisikia vizuri. Nyembamba ndizo zilizokuwa zikimkimbia, moja baada ya nyingine, kama panya wanaohama ghala.

Na mzomeo wa bomba ni sauti nyembamba.

Wiki mbili kabla ya matembezi alichora chaki mbele ya duka la mikate. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amekisia. Aliangalia ulipo unyevu, akaangalia mteremko wa barabara, akapiga moyo konde na kusema, "Hapa." Chepe alichimba mpaka kiunoni. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Mwenye duka alitoka akauliza kama wanatafuta dhahabu.  Chepe alimtazama Sikio, akafukia shimo, akaondoka na chepe lake begani.

*

Jumamosi ilipofika, Sikio alikuwa amebadilisha viatu mara tatu na kufika kwenye ngazi za posta nusu saa kabla ya wakati. Alizunguka jengo la posta mara mbili. Alikuwa amepanga hila yake: atawatangulia wote, atatumia macho, na wengine watakaposikia kitu, atasoma nyuso zao. Mtu akisikia ndege, kichwa hugeuka kabla hajajijua.

Mfamasia akaja na daftari lake. Akaja Kinyozi, mtu wa maneno mengi, aliyependa ndege kwa sababu, alivyodai, ndio viumbe pekee wasiomlalamikia kuhusu mtindo wa nywele. Wakaja wageni wawili, mume na mke, walimu wa shule, waliosafiri kwa basi kutoka mji mwingine. Yule mwalimu wa kike alimshika Sikio mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, tumekuja kwa ajili ya ile dakika yako. Tumesikia habari zake mwaka mzima."

"Karibuni sana," alisema Sikio.

Kisha, kutoka upande wa pili wa barabara, akamwona Chepe akija. Amevaa buti zake zile zile za kazini, na sweta la mwanawe lenye picha ya gari. Katika miaka ishirini Chepe hakuwahi kuja kwenye matembezi. Ndege, kwake, walikuwa wa aina mbili: wa kuchoma na wa kukaanga.

"Na wewe?" aliuliza Sikio.

"Na mimi. Kwani ufukwe una mlango?"

"Leo si siku yako ya kupumzika?"

"Ndiyo nimekuja kupumzika. Twende, ndege hawasubiri."

Wakaenda. Sikio aliongoza kwa mwendo wa mtu anayekimbilia gari la mwisho. Mara mbili Mfamasia alimwita apunguze, na mara ya pili Kinyozi alimshika bega. "Bwana, sisi hatuhami. Punguza." Wakacheka. Sikio alicheka pia, nusu sekunde baada ya wengine.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyotumaini. Kwenye nyaya za umeme mbayuwayu walikuwa wamejipanga kama nguo kwenye kamba, wamefika usiku, wamechoka, na hapakuhitajika masikio kuwahesabu. Kwenye ukuta wa bahari walikuwapo shakwe, na juu ya maji buabua weupe walijitupa kichwa chini kama misumari inayopigwa. Kinyozi alipogeuza shingo ghafla kuelekea bustani ya hoteli, Sikio alifuata shingo yake, akawaona ndege wa kijani na dhahabu wakikata hewa. "Keremkeremu," akasema haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Saba." Walimu wakashangilia. Mfamasia akaandika. Sikio akajifuta jasho na kujiambia pengine siku itapita salama.

Lakini kila alipogeuka nyuma, alimkuta Chepe. Chepe haangalii ndege. Anamwangalia yeye.

Walipofika nyuma ya kiwanda cha barafu, Mfamasia alifunga daftari. "Haya, jamani. Tusimame. Tufumbe macho. Mzee, ni zamu yako."

Wakasimama mstari mmoja dhidi ya ukuta wenye ukungu. Wote wakafumba macho isipokuwa Sikio. Aliangalia anga: tupu, ya kijivu. Alijitahidi kusikia mpaka kichwa kikamuuma. Alisikia mtetemo mzito wa mashine za barafu. Alisikia damu yake mwenyewe. Juu ya hapo, pale ambapo zamani palikuwa na dunia nzima ya sauti, palikuwa na pamba.

Sekunde ziliruka. Mwalimu wa kike alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesali. Hapo Kinyozi, macho yamefumbwa, akageuza kichwa kidogo kushoto na kuinua nyusi. Mfamasia naye akageuka. Amesikia. Wote wamesikia kitu.

"Kipila," alisema Sikio. "Mmoja. Anapita kushoto, anashuka kusini."

 Kisha, kutoka kwenye kona ya kushoto, akatokea mfanyakazi wa kiwanda anasukuma mkokoteni wa barafu. Gurudumu la mbele lilikuwa limekauka grisi, na hata Sikio, kwa kulitazama tu lilivyoyumba, alijua kwamba lilikuwa linalia.

Kinyozi aliangua kicheko cha kushika mbavu. "Kipila wa barafu! Mwandikeni huyo, ana gurudumu moja!" Mfamasia alicheka pia, kwa upole, akafungua daftari. "Mzee, unatutania au niandike?"

Njia ya kujinasua ilikuwa wazi. Angesema tu, "Nawatania," mambo yakaisha. Lakini walimu hawakucheka. Walikuwa wanamwangalia kwa matumaini ya watu waliolipa nauli ya basi, na kiburi cha miaka ishirini na sita kilimpanda kooni.

"Mkokoteni nimeusikia hata mimi," alisema. "Kipila alikuwa juu yake. Andika."

Mfamasia akaandika. Yule mwalimu wa kike akamgeukia mumewe, akasema kwa huzuni, "Mimi sikusikia kabisa. Nadhani masikio yangu yameanza kuharibika."

Maneno hayo Sikio aliyasikia neno kwa neno.

*

Baada ya kiwanda kuna mtaa wa maghala, mrefu na mwembamba, kamba kuukuu na mapipa yenye kutu pande zote mbili. Sikio alitembea sasa nyuma ya wote. Chepe akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Ulisikia nini pale?" aliuliza.

"Si nimesema?"

"Umesema. Nimekuuliza ulisikia nini."

Sikio alisimama. "Umekuja kunipeleleza? Nani amekutuma? Mkuu wa idara?"

"Ningetumwa, ningekuja na daftari." Chepe naye akasimama. Alizungumza taratibu, uso wake ukimwelekea, na Sikio akatambua kwa mshtuko kwamba kwa miezi mingi sasa Chepe amekuwa akizungumza naye hivyo: taratibu, uso kwa uso. "Mwenzangu, kazini wanaochora chaki wako wengi. Mimi nachimba kwa ajili yako kwa sababu husemi 'hapa' kama hujui. Pale kwenye mikate hukujua. Nilikuona. Ulilaza sikio kwenye kikombe ukiwa umefumbua macho."

"Kila mtu hukosea."

"Kila mtu. Ndivyo nilivyomwambia Mkuu."

"Ulimwambia Mkuu nini?"

Chepe alitazama pembeni, kwenye pipa. "Mwenye duka la mikate alikwenda kulalamika ofisini. Wateja hawakuweza kuingia siku nzima. Mkuu akaniita akaniuliza nani alichora. Nikasema ulichora penyewe, mimi nikachimba upande usio wenyewe."

"Chepe!"

"Amenipa barua ya onyo. Si kitu. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko."

Sikio alikosa pa kuuweka uso. Barua ya onyo katika idara ile haikuwa kitu kidogo. Ya pili ingemfuata, na ya tatu ilikuwa ya kurudisha buti. "Nani alikuomba?" alifoka, na sauti yake ikagonga maghala. "Nani alikuomba kunibebea mzigo? Mimi mtoto?"

"Usipige kelele, wewe si ndiye usiyesikia? Mimi nasikia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Jumatatu tuna bomba kubwa chini ya ukuta wa shule. Nikichimba pasipo, ule ukuta utalala. Kwa hiyo nimekuja leo nione kwa macho yangu, kisha nikwambie ana kwa ana. Sasa nimeona."

 Sikio aligeuka akaanza kutembea. Alimpita Kinyozi, akawapita walimu, akampita Mfamasia aliyekuwa akisema kitu kuhusu maji kujaa saa nne, akatoka mwisho wa mtaa na kuteremka kwenye matope bila kuangalia nyuma. Miguu ilitaka kwenda, basi akaiacha iende.

Matope ya mdomo wa mto huenea mbali maji yanapokupwa, yakang'aa kama sahani iliyolambwa. Ndege walikuwa huko mamia kwa mamia. Wale wadogo wa kijivu, ambao watu wa matembezi waliwaita mafundi cherehani kwa jinsi wanavyodunga matope kwa midomo bila kupumzika, walikuwa wakikimbia huku na huku. Na mbele zaidi, kwenye kisiwa cha mchanga, walisimama vipila. Thelathini, arobaini. Vipila wa kweli, mundu zao zimeelekea upande mmoja. Sikio alivuka mfereji mwembamba unaokata matope katikati, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaendelea. Alitaka kuwa karibu. Alitaka kusikia mmoja, mmoja tu, ili lile neno lililoandikwa daftarini lisiwe uongo mtupu.

Alisimama hatua hamsini kutoka kwao. Aliona midomo ikifunguka. Aliona makoo yakitetemeka. Kwa hakika walikuwa wakipiga miluzi, pengine wote kwa pamoja, na ufukwe mzima ulikuwa umejaa sauti. Kwake ilikuwa kama kutazama harusi kupitia kioo cha dirisha.

Hakujua alisimama pale muda gani. Ghafla vipila wote wakaruka kwa pamoja, wakageuka juu ya kichwa chake na kuelekea baharini. Ndege hawaruki hivyo bila sababu. Kuna mtu amewashtua, alifikiri, na ndipo alipogeuka nyuma.

Watu watano walikuwa wamesimama ukingoni mwa matope. Kinyozi alikuwa juu ya jiwe, ameshika koti lake analizungusha hewani. Mfamasia alikuwa ameweka viganja mdomoni. Walimu walikuwa wakirukaruka. Midomo yote mitano ilikuwa wazi, na hakuna hata sauti moja iliyomfikia. Kati yao na yeye, ule mfereji mwembamba ulikuwa umekuwa mto. Maji ya bahari yalikuwa yameingia kwa nyuma, kimyakimya, kwake kimyakimya, na sasa yalikuwa yakikimbia rangi ya chai.

Alianza kurudi mbio, matope yakimnyonya viatu. Kimoja kikabaki. Alipofika mferejini maji yalimfika mapajani, katikati yakamfika kiunoni, na mkondo ukamsukuma pembeni kama mlinzi wa mlangoni. Akateleza, akameza maji ya chumvi. Mkono ukamkamata ukosi. Chepe alikuwa ndani ya maji na buti zake zote mbili, amepanda miguu kama nguzo.

"Nishike mkanda!" alisema, uso wake ukiwa shibiri moja kutoka uso wa Sikio. "Mkanda, si sweta! Sweta ni la mtoto!"

Wakavuka hivyo, hatua kwa hatua. Upande wa pili Sikio alianguka kwa magoti na kukohoa. Mfamasia alimvua shati lililolowa akamfunika shali lake. 

"Tumekuita robo saa nzima! Watu wa maghala wametusikia, wametoka nje! Mzee, kwa nini hukugeuka?"

Sikio aliwatazama mmoja mmoja. Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alikuwa kimya.

"Sikusikia," alisema. "Sisikii. Ni karibu mwaka sasa." Kisha akamgeukia yule mwalimu wa kike. "Masikio yako ni mazima, dada yangu. Hapakuwa na kipila pale kiwandani. Lilikuwa gurudumu. Nisamehe." Na kwa Mfamasia: "Mfute."

Mfamasia alitoa daftari la kijani, akachora mstari mmoja ulionyooka juu ya neno. Baada ya kufikiri kidogo, akaandika chini yake: *Vipila arobaini, kisiwani, kwa macho.* Akamwonyesha. "Hawa uliwaona?"

"Hao niliwaona."

"Basi hao wanatosha. Na Jumanne daktari wa masikio anakuja zahanati. Nitakuandikisha mwenyewe, na nitakufuata nyumbani usipokuja."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Kinyozi, ambaye kimya kilikuwa kimeanza kumwasha. "Ila hili bado halijafa, tulipeleke."

Sikio alicheka, safari hii kwa wakati ule ule na wengine. Kisha, bila kutazamia, akalia.

*

Sikio hakungoja hiyo Jumanne. Jumatatu aliingia ofisini kwa Mkuu kabla Mkuu hajatundika hata kofia, akasema yote akiwa amesimama: birika, chaki ya kukisia, shimo la duka la mikate, barua ya onyo iliyokwenda kwa asiyestahili. Mkuu alikuwa mtu mkavu, lakini si mbaya. Aliagiza Chepe aje na ile barua, akaichana mbele yao wote wawili. Kisha akaenda mwenyewe hadi ukuta wa shule, akaagiza barabara ichimbwe kwa mistari, polepole, kwa mkono, siku mbili nzima. Bomba lililopasuka lilipatikana hatua tatu kutoka mahali ambapo Sikio, alikiri baadaye, angechora alama yake. Ukuta haukulala.

Daktari alimweka kwenye kibanda chenye milango minene, akampa kitufe abonyeze kila atakaposikia mlio. Sikio alibonyeza, akabonyeza, mpaka daktari akafungua mlango. "Mzee, sijaanza bado." Mwisho alimweleza kwa karatasi yenye mstari unaoteremka kama paa: sauti nene zipo, nyembamba zimekwenda, na hazirudi. Kifaa cha sikio kingemsaidia kusikia watu. Kwa mabomba, hapana. Kwa vipila, tuombe Mungu.

Wakampa kazi ya ofisini, kupanga ramani za mabomba kwenye makabati. Alidumu siku kumi na moja. Alipanga ramani zote, akazipangua, akazipanga tena, na akatembea kutoka dirisha moja hadi jingine mpaka karani mwenzake akaomba ahamishwe. Siku ya kumi na mbili alikwenda tena kwa Mkuu.

"Nipe chepe," alisema.

"Una miaka hamsini na minne."

"Nina mikono miwili. Na yule mama ana masikio kama popo, muulize. Amekuwa akinisikiliza mimi miaka ishirini, na mimi nilikuwa nasikiliza bomba. Amejifunza."

Hakuwa amejifunza kiasi hicho. Wiki ya kwanza Chepe alichora chaki mara nne, na mara nne Sikio alichimba shimo kavu, mgongo ukimlilia. Alitamani kumwambia asogee kushoto, afumbe macho, asibane pumzi. Mara nyingine alimwambia, na Chepe akajibu bila kuinua kichwa, "Chepe halina mdomo." Nyumbani alifika hoi, akala, akalala kabla mkewe hajamaliza pindo la pazia. Goti halikutikisika. Lakini alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni, kifaa kipya kikimpigia mluzi sikioni, na mkewe akimwambia kutoka kitandani apunguze sauti ya hilo dude, au alale nalo kwingine.

Wiki ya tatu, katika mtaa wa mafundi viatu, Chepe alisimamisha fimbo juu ya vali, akalaza sikio, akafumba macho. Alikaa muda mrefu. Akasogea hatua mbili, akarudi moja, akarudi nusu. Kisha akainama na kuchora.

"Una uhakika?" aliuliza Sikio.

"Wewe uliwahi kuulizwa?"

Akachimba. Udongo wa juu ulikuwa mkavu. Wa chini ukaanza kuwa mweusi. Alipofika magotini akauona unang'aa, akaweka chepe pembeni na kufukua kwa mikono, na maji yakamrukia usoni, baridi, kwa nguvu, mpaka asione kitu. Alipojifuta na kufungua macho kumpongeza, Chepe alikuwa keshaiweka fimbo begani, anaelekea kwenye vali ya mtaa wa pili.

"Wewe! Ningojee!" aliita Sikio, akapanda kutoka shimoni, maji yakimchuruzika, akaanza kumfuata.